Shajara ya mradi: Kujaza mikono, au tulivyoisoma Walawi 8 kwa vitendo

13 Januari 2024: Tulipoanzia

Mwezi uliopita madhabahu mpya ya usharika wetu iliwekwa wakfu. Jumapili iliyofuata, katika darasa la Biblia la watu wazima ninalolifundisha, mama mmoja akauliza: "Mwalimu, kuwekwa wakfu ni kufanywa nini hasa?" Nikajibu kwamba ni kutengwa kwa ajili ya Mungu. Akaniuliza tena: "Ukishatengwa, unapewa nini?" Sikuwa na jibu la kumtosha, na swali lake lilinifuata mpaka nyumbani.

Kwa hiyo tumeamua kusoma sura moja tu, Walawi 8, pale Haruni na wanawe wanne, Nadabu, Abihu, Eleazari na Ithamari, wanapofanywa makuhani mlangoni pa hema ya kukutania, hema ya ibada ya Waisraeli jangwani. Tutaifuata hatua kwa hatua tukiwa na vitu vya kushika: nguo, viungo, mikate, nyama. Tutakutana Jumamosi jioni, watu 25 hadi 30. Naandika shajara hii ili mwalimu mwingine akipenda kufanya hivi, asipoteze fedha na muda pale nilipopoteza mimi.

Nimeanza na neno lenyewe. Wakfu ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na mzizi wake ni kusimama, kusimamisha. Watu wa pwani wanalijua vizuri: shamba likiwekwa wakfu, umiliki wake umesimama hapo. Haliuzwi, halirithiwi, halitolewi zawadi; mazao yake yanakwenda kwa walioandikiwa. Ni neno zuri, na watafsiri wa Biblia walifanya vema kulichukua. Ila Kiebrania, lugha ya asili ya sura hii, kinaiita sherehe hii kwa jina jingine. Kinasema kujaza mkono. Yule kondoo dume wa pili anayechinjwa katika sherehe hiyo, tunayemwita kondoo wa kuwekwa wakfu, kwao ni kondoo wa milluim, yaani kondoo wa kujazia. Na aya ya 33, tunaposoma kwamba siku za kuwekwa wakfu ni saba, ukiifuata neno kwa neno inasema: siku saba ataijaza mikono yenu.

Itajazwa nini? Nimeliandika swali hilo kwenye jalada la daftari, na kila hatua nitailinganisha nalo.

20 Januari: Ratiba ya kwanza, na kwa nini niliifuta

Maagizo ya sherehe yako Kutoka 29, na utekelezaji wake uko Walawi 8. Nilidhani sura hizi mbili zinakwenda sambamba, nikapanga ratiba nzima kwa kufuata Kutoka kwa sababu imepangika vizuri zaidi. Siku ya kwanza tu darasa likakwama. Kutoka 29:21 inataka mavazi yanyunyiziwe mafuta na damu kabla mikono haijajazwa. Walawi 8:30 inafanya hivyo baada ya mikono kujazwa. Tena Kutoka 29 haisemi lolote juu ya kuipaka hema mafuta, wakati Walawi inaanza na hema, kisha madhabahu mara saba, kisha birika, ndipo mafuta yamwagwe juu ya kichwa cha Haruni.

Nimefuta ratiba na kuchora jedwali la safu mbili, aya mkabala na aya. Anayetaka kuiga mradi huu aanze na jedwali hilo kabla hajanunua chochote. Hasara yangu ni wiki moja, lakini jedwali limetuonyesha jambo ambalo ratiba ingelificha: katika Walawi, Haruni anapakwa mafuta katika mkondo mmoja na vyombo. Anaingizwa katika hesabu ya vitu vya hema, kama birika, kama madhabahu.

La pili tuliloliona kwenye jedwali ni kauli ya kwamba Musa alifanya kama Bwana alivyoagiza. Kwa maneno yanayokaribiana inarudi katika aya ya 4, 9, 13, 17, 21, 29 na 36. Mara saba. Nimewaambia wote waitie mstari kwa kalamu nyekundu, maana tutaihitaji mwishoni.

27 Januari: Mafuta ya upako

Hapa nilikosea vibaya, kwa hiyo naeleza kwa urefu.

Nilipanga tuyachanganye mafuta ya upako darasani. Kutoka 30 inatoa vipimo waziwazi: manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane (mwanzi wenye harufu) 250, kida (gome linalofanana na mdalasini) 500, na mafuta ya zeituni hini moja. Shekeli ni kama gramu 11 na ushee, kwa hiyo viungo peke yake ni takriban kilo 17, na hini ni lita chache tu, nne hadi sita kutegemea anayepima. Nikapunguza vipimo mpaka kiasi cha kikombe. Nilinunua manemane kwa shilingi 4,000, mdalasini kwa 2,000 na chupa ndogo ya mafuta ya zeituni kwa 9,500. Kane na kida sikuvipata.

Jaribio la kwanza nilitwanga viungo kwenye kinu nikavimimina ndani ya mafuta. Nilipata tope la kahawia lisilomiminika. Kumbe walimu wa Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya Kiyahudi, walilijadili jambo hilihili: mafuta machache hivyo yangewezaje kubeba viungo vingi hivyo bila kunywewa yote? Mmoja wao alisema viungo viliroweshwa kwanza kwenye maji, mafuta yakamwagwa juu, yakavuta harufu, kisha yakaenguliwa. Nikafuata njia hiyo. Nilichemsha viungo, nikamimina mafuta, nikaacha sufuria ipoe usiku kucha, asubuhi nikaengua kwa kijiko. Mafuta yalitoka safi, na harufu yake ilijaa nyumba nzima.

Jioni mzee mmoja wa kanisa alipita kunisalimu, akaisikia harufu tangu mlangoni. Nikamweleza kwa furaha. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwalimu, ulisoma mpaka aya ya 33?"

Nilikuwa nimeishia ya 25. Aya ya 32 na 33 zinakataza mafuta yale yasimwagwe juu ya mwili wa mtu wa kawaida, wala yasitengenezwe mengine ya kufanana nayo. Atakayefanya hivyo atakatiliwa mbali na watu wake.

Ni kweli mafuta yangu yalipungukiwa viungo viwili, na sisi hatuko chini ya hema ile. Hata hivyo niliona si haki kuwafundisha watu maana ya kitu kwa kukivunja. Nikayamwaga shambani nyuma ya nyumba. Darasani nimepeleka viungo vilivyobaki, kila kimoja kwenye kisahani chake, na watu wamenusa kimoja kimoja wakiwa wamefumba macho. Kisha nimewasomea lile katazo.

Naamini katazo lilifundisha kuliko ambavyo mafuta yangefundisha. Kwetu harufu ya udi inaingia arusini, chumbani, hata kwenye kanga za kabatini. Harufu ile ya Kutoka 30 haikuruhusiwa kuingia popote pengine. Mwisraeli hakuweza kukutana nayo sokoni wala nyumbani kwa jirani. Akiisikia, amejua mtu huyu ametoka mahali pamoja tu. Kupaka mafuta kichwani hakukuwa kwa Israeli peke yao: mabamba ya udongo ya karne ya 13 kabla ya Kristo kutoka Emar, mji wa kale kwenye mto Frati nchini Syria, yanaeleza jinsi kuhani mke wa mungu wa tufani alivyomiminiwa mafuta kichwani. Na mapokeo ya Kiyahudi yanakumbuka kwamba siku za Hekalu la pili la Yerusalemu mafuta yale hayakuwapo tena, na kuhani mkuu aliingizwa kazini kwa kuvishwa tu mavazi yake.

Basi tukaenda kwenye mavazi.

10 Februari: Kanzu, joho na kifuko

Makuhani wa kawaida walikuwa na mavazi manne. Kuhani mkuu manane. Tumeshona matatu: kanzu nyeupe, joho la buluu lenye pindo, na kifuko cha kifuani. Kitambaa meta 5 kwa 30,000, ushonaji 20,000, nyuzi za sufu za rangi tatu 7,500. Tumetumia pamba kwa sababu kitani hatukipati kwa bei ya darasa.

Pindo la joho lilitusumbua. Kutoka 28 inataka njuga za dhahabu na makomamanga, vikipishana pande zote. Nilisikia neno njuga nikafikiria njuga za ngoma, zile za chuma za kufunga miguuni, nikanunua za 10,000. Uzito wake ukavuta pindo, na hatua ya tatu kitambaa kikachanika. Nimezirudisha kabatini, nikanunua vikengele vidogo vya mapambo kwa 5,000. Makomamanga ni vibonge vya sufi vilivyozungushiwa uzi, buluu, zambarau na nyekundu.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kwenye maelezo yangu. Niliandika, kama nilivyosikia kwenye mahubiri tangu utotoni, kwamba kuhani mkuu alifungwa kamba mguuni, njuga zikinyamaza wajue amekufa patakatifu pa patakatifu wamvute. Nikatafuta aya ili niiweke, nikaikosa. Haimo. Habari ya kamba inatoka katika maandiko ya fumbo ya Kiyahudi ya Zama za Kati. Tena siku ya Upatanisho, alipoingia ndani kabisa, Walawi 16:4 inamvika kitani nyeupe tupu, bila joho la njuga. Nimeifuta kamba. Wengine darasani walisikitika kuipoteza, na nawaelewa. Lakini njuga zinabaki na maana yake: Kutoka 28:35 inasema sauti yake isikiwe aingiapo na atokapo, asije akafa. Mtumishi hanyemelei nyumbani mwa Bwana wake. Anabisha hodi kwa kila hatua.

Kifuko cha kifuani ni shubiri kwa shubiri, kitambaa kikikunjwa mara mbili. Kwa vito 12 nilitumia vifungo vya rangi kutoka kopo la vifungo la marehemu mama yangu. Kwanza nilivibandika kwa gundi. Tulipokunja kitambaa vikadondoka vyote. Fundi akaniambia: "Mwalimu, kifungo kinataka makao." Akashona vijifuko 12 vidogo, safu nne za vitatu vitatu, ndipo kila kimoja kikaingia mahali pake na kukaa. Nilipokuwa nikimtazama nilikumbuka kwamba vito vile Kutoka 25:7 inaviita vito vya milluim. Ni neno lilelile la kondoo. Kuhani anajazwa mikono, kifuko kinajazwa vito, na kila kito kina jina la kabila. Majina yaleyale yako pia mabegani, sita kila upande. Aingiapo, watu wake wote wanaingia wamelala juu ya moyo wake.

Tazama pia mchanganyiko wa nyuzi. Kumbukumbu la Torati 22:11 inamkataza mtu kuvaa sufu na kitani pamoja. Mavazi ya kuhani mkuu yalikuwa na kitani pamoja na nyuzi za rangi, ambazo wafafanuzi wa Kiyahudi wanazifahamu kuwa sufu. Ni kama mafuta yale: kilichokatazwa nje kimewekewa mahali pamoja.

17 Februari: Haruni hafanyi kitu

Fupi. Kijana mmoja alijitolea kuwa Haruni. Nikampa kanzu, akaanza kuivaa. Mama aliyeshika Biblia akapaza sauti: "Hapana, hajivai!" Ni kweli. Aya ya 6 mpaka ya 9 kila kitenzi ni cha Musa: akawaosha, akamvika, akamfunga mshipi, akamweka kilemba, akatia bamba la dhahabu. Haruni na wanawe katika sura nzima wanaweka mikono juu ya vichwa vya wanyama, na ndani ya hizo siku saba wanatimiza walichoambiwa.

Tukarudia, mara hii mwingine akimnawisha na kumvika, yeye amesimama tu. Alipoulizwa anajisikiaje, alisema: "Kama mtoto mdogo. Au kama maiti." Hakuna aliyecheka. Kila mmoja wetu amewahi kuogesha na kuvisha mmoja wa hao wawili.

Ongezeko kwa wapenda kusoma: Wayahudi wanapoiimba Torati sinagogi, neno "akachinja" la aya ya 23 lina alama adimu ya sauti, shalsheleti, inayovutwa na kuyumba juu na chini. Katika Torati yote alama hiyo iko mara nne tu. Msomaji anakawia kwenye kisu. Wako wanaosema Musa alisita hapo, kwa sababu baada ya kondoo yule ukuhani ungekuwa wa kaka yake.

24 Februari: Sikio, gumba, kidole cha mguu

Damu ya kondoo wa kujazia inapakwa kwenye ncha ya sikio la kuume, gumba la mkono wa kuume, na kidole kikubwa cha mguu wa kuume. Tulitumia maji ya rozela yaliyokolea.

Nilikuwa nimechapa maelezo, nakala 30 za kurasa nne, 12,000, na katika ukurasa wa pili niliandika kwamba alama hii ya sehemu tatu ilikuwa ya makuhani peke yao. Nilipomaliza kulisoma hilo, Bibi mmoja, mkubwa kuliko sote darasani, aliinua mkono.

"Mwanangu, umemsahau mwenye ukoma."

"Yupi, Bibi?"

"Fungua sura ya 14."

Tukafungua. Walawi 14:14: mtu aliyepona anarudishwa kambini, na kuhani anampaka damu sikio la kuume, gumba la kuume, kidole kikubwa cha mguu wa kuume. Kisha juu ya damu hiyo mafuta, na mafuta yaliyobaki juu ya kichwa chake. Hata siku zinafanana. Aliyepona anakaa nje ya hema yake siku saba, na siku ya nane analeta sadaka. Haruni anakaa mlangoni siku saba, na siku ya nane anaanza kazi.

Nimeongeza angalizo kwamba "ukoma" wa Walawi ni jina pana la magonjwa ya ngozi, hata ukungu wa nguo na kuta, wala si lazima uwe ugonjwa tunaoujua leo kwa jina hilo. Lisemwe wazi, maana kuna watu waliumizwa na mahubiri ya sura hizi.

Nakala zote 30 nimezitupa na kuchapa upya, 12,000 nyingine. Siijutii fedha hiyo. Nilikuwa nafundisha kwamba ishara ile inampandisha kuhani juu ya watu. Bibi ametuonyesha kwamba anapakwa alama ileile anayopakwa mtu wa mwisho kabisa wa kambi anaporudi nyumbani. Mmoja anatoka nje kuingia kambini, mwingine anatoka kambini kuingia patakatifu, na wote wawili wanavuka mlango kwa damu kwenye ncha za mwili. Katika sura yetu ya 8 madhabahu nayo inapakwa damu pembeni, kwenye pembe zake.

Filo wa Aleksandria, Myahudi mwanafalsafa wa karne ya kwanza, aliona hapo neno, tendo na mwenendo: sikio la kupokea neno, mkono wa kutenda, mguu wa safari ya maisha. Tumelisoma na limetusaidia. Lakini darasa lilibaki na mwenye ukoma, na mimi pia.

9 Machi: Mikate

Kikapu kilikuwa na mikate ya aina tatu isiyotiwa chachu: mkate mtupu, mkate wa mafuta, na kaki nyembamba. Jaribio la kwanza liliumuka. Nilikuwa nimechukua dukani pakiti ya unga uliokwishatiwa hamira, bila kusoma maandishi. Pakiti ya pili nilisoma. Mbili kwa 4,000. Mkate wa mafuta unafanana na chapati. Kaki isukumwe mpaka uone mkono wako upande wa pili, na iokwe kwenye chuma kikavu.

16 Machi: Mikono inajazwa

Muda wote tulikuwa tukikisubiri kipindi hiki. Nilinunua mguu wa nyuma wa kondoo wenye paja lake, kilo mbili na nusu, 30,000, na mafuta yake juu. Aya ya 25 mpaka 28: Musa anatwaa mafuta na paja la kuume, anaweka mikate mitatu juu yake, anavitia vyote katika viganja vya Haruni na viganja vya wanawe, na kuvitikisa mbele za Bwana. Kisha anavitwaa tena mikononi mwao na kuviteketeza.

Swali la kwanza lilikuwa la kawaida kabisa: watu watano, paja moja. Maandiko hayasemi walipangaje mikono. Tulijaribu kusimama mstari tukipokezana, mikate ikaanguka. Tukajaribu duara, hakuna aliyeweza kuinua. Iliyofaa ni mikono juu ya mikono: aliyesimama katikati akiwa Haruni, viganja vya wengine vimeingia chini ya vyake kutoka pande mbili. Hapo paja likatulia.

Wakainua. Nikawaomba wabaki hivyo kwa muda. Mafuta ya kondoo yalianza kulainika kwa joto la mikono, yakapita kati ya vidole, yakafuata mikunjo ya viganja mpaka kwenye viwiko. Mikono ya chini ndiyo iliyotangulia kutetemeka. Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Msiachie." Kisha nikapita, nikavichukua vyote kwenye sinia.

Wakabaki wamesimama, viganja wazi, vinang'aa mafuta. Bibi akauliza: "Na sasa mikono imejaa nini?"

"Haina kitu," kijana mmoja akajibu. Kisha akanusa viganja vyake. "Harufu tu."

Hapo nikawasomea Walawi 7:31 hadi 33. Katika sadaka za amani za siku zote, kidari ni cha makuhani, na paja la kuume ni fungu la kuhani aliyeitoa damu. Paja ndilo ujira wake, chakula cha nyumba yake. Siku ya kujazwa mikono, paja lilelile linawekwa kwenye viganja vyake, analishika, analisikia uzito, kisha linaondolewa na kwenda motoni. Kidari kinakwenda kwa Musa, aliyekuwa kuhani wa siku ile. Kabla Haruni hajala mshahara wa kwanza wa ukuhani, ameutoa wote. Hili ndilo jibu ninaloweza kumpa yule mama sasa: unapewa kitu ili kipite mikononi mwako kwenda mbele za Mungu.

Tukasoma na upande wa pili. Katika Waamuzi 17, mtu mmoja aitwaye Mika anaijaza mikono ya Mlawi mmoja awe kuhani wa nyumbani kwake, kwa fedha shekeli 10 kwa mwaka, mavazi na chakula. Kiebrania kinatumia maneno yaleyale ya kujaza mkono. Na katika 1 Wafalme 13:33 mfalme Yeroboamu anaijaza mikono ya yeyote anayetaka ukuhani. Mikono ile ilijazwa ikafumbwa. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu mpaka leo wako wanaoufikiria utumishi kwa namna ya Mika.

Kosa la mipango: nilidhani tungemalizia kwa kulila lile paja, kwa kuwa aya ya 31 inawaamuru wale nyama mlangoni. Kijana aliyekuwa Haruni akakataa. Nyama iliyoliwa ilikuwa ile nyingine iliyochemshwa, paja liliteketezwa. Alikuwa sahihi. Kuliteketeza hatukutaka pia, sisi hatutoi sadaka za kuchinjwa. Tukalifunga vizuri na watu wawili wakalipeleka nyumba ya tatu kutoka hapo, palipokuwa na msiba. Sisi tukala mikate. Atakayeiga anunue na nyama ya kuchemsha.

23 Machi: Siku saba, na gharama

Jumla ni shilingi 146,000. Zilizopotea ni 24,000: nakala za kwanza, njuga za chuma na unga wenye hamira. Mafuta yaliyomwagwa siyahesabu kama hasara.

Kipindi cha mwisho tumesoma aya ya 33 mpaka ya 36, kisha sura ya 9 na ya 10. Siku saba, mchana na usiku, wasitoke mlangoni. Siku ya nane Haruni anaambiwa alete ndama. Rashi, mfafanuzi wa karne ya 11 huko Ufaransa, anasema ni ishara kwamba amesamehewa ile ndama ya dhahabu aliyowatengenezea watu waiabudu. Na Musa anapomwambia "Karibia madhabahu", Rashi anaeleza kwamba Haruni aliona haya na kuogopa. Hiyo ndiyo mikono iliyoinuliwa kuwabariki watu katika 9:22, mikono iliyokuwa imejazwa wiki nzima.

Sura ya 10 inaanza na Nadabu na Abihu wakileta moto ambao Bwana hakuwaagiza. Waliotia mistari myekundu mwezi Januari waliona wenyewe. Mara saba "kama alivyoagiza", na sasa hili. Vijana wawili wamekufa, ndugu zao wanataka kulia, na 10:7 inawazuia kutoka mlangoni kwa sababu mafuta ya Bwana yako juu yao. Mama wa swali la kwanza alilia hapo, naye amezika watoto. Sikumfafanulia kitu. Tulikaa kimya, kisha Bibi akaanzisha wimbo.

30 Machi: Makabidhiano

Mwalimu wa usharika jirani ameomba kufundisha sura hii baada ya Pasaka. Katika Kutoka 29:29 mavazi ya Haruni yanapita kwa wanawe, na katika Hesabu 20 Musa anamvua Haruni juu ya mlima Hori na kumvika Eleazari. Basi leo nimempa kanzu, joho, kifuko, jedwali la safu mbili na nakala iliyosahihishwa. Vifungo vya mama navyo vimekwenda. Vikengele viwili vya upande wa nyuma vimelegea. Avikaze kabla joho halijavaliwa, na kanzu ifuliwe kwa maji baridi, rozela haijatoka yote kwenye ukosi.